Sufuria ya Shangazi Kando ya Nyabarongo

Kupiga kambi nilijifunza Tanzania, nilipokuwa nasomea upimaji wa barabara. Tulilala porini wiki nzima, tukapika kwa kuni mbichi, tukaamka na kupanda mlima na vyombo vyetu kabla jua halijachomoza. Nilirudi Kigali na diploma, hema la turubai la kijani na viatu vya ngozi ambavyo hakuna mwingine aliyekuwa navyo mtaani kwetu. Sikusomeshwa na mjomba tajiri wala na padri. Ada yangu niliilipa kwa kubeba mawe. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba mtu aliyepanga safari ile ya mtoni hakuwa mtu wa kubahatisha. Kazini waliniita Bwana Diploma, na sikuwakataza.

Hata hivyo, maishani mwangu sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa sufuria moja ya pilau.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea mpaka nilipovuka mpaka kwenda kusoma. Alikuwa akiuza chai na maandazi kwenye kibaraza cha nyumba yake, Gitega. Babu yake alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, na mkono wa pwani haukupotea katika ukoo: chai yake ilikuwa na tangawizi na hiliki, maandazi yake yalifutuka yakawa kama mito midogo. Mafundi cherehani wa mtaa ule walianzia siku pale kwenye benchi lake kabla ya kukaa mashineni. Niliporudi na diploma yangu, mtu wa kwanza kuiona alikuwa yeye. Hakujua kusoma. Aliinusa, akasema inanuka kazi.

Mwaka ninaouzungumzia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, jirani yake alifariki. Alikuwa mzee mpole, mume wa mama mmoja Mkatoliki aliyeuza nyanya. Jioni ile mzee alipita kwa shangazi, akanywa kikombe cha chai, akaenda kulala, hakuamka. Mjane hakumshtaki mtu. Alichokuwa akisema kwa waombolezaji ni maneno machache tu: "Alikunywa chai pale, akarudi, akalala."

Anayeijua Rwanda anajua uzito wa maneno hayo. Kwetu mtu akikukaribisha kinywaji, hukionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Si mapambo ya adabu. Ni hofu ya uburozi, ya kuwekewa sumu na mtu anayekuchekea. Mwanamke akishaitwa mrozi, hakuna hakimu wa kumsafisha, kwa sababu hakuna anayemshtaki. Watu hupunguza salamu tu. Benchi la shangazi lilianza kubaki na nafasi, kisha likabaki na mtu mmoja, fundi kiziwi. Idi ilipofika alipeleka sahani za pilau kwa majirani wote kama kila mwaka. Nilipita nyuma ya ua wa mjane nikaiona pilau imemwagwa chini ya mgomba, kuku wanaidonoa.

Sikumwambia. Nilimheshimu mno. Niliamini hajui, na nikaapa atasafishika kabla hajajua.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa mtoni.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Ukimwalika mtu nyumbani anayekuogopa, atakuja, atashika sahani, atasema tumbo linamsumbua, ataondoka. Lakini mpeleke mbali na jiko lake, kando ya Nyabarongo, mahali pasipo duka wala jirani, pawe na sufuria moja tu na upepo unaoleta harufu yake. Njaa ya mtoni haina adabu. Shangazi atapika mbele ya watu wote, atakula wa kwanza mbele ya watu wote, nao watakula. Kisha tutalala palepale, kwenye mahema, na asubuhi kila mtu ataamka mzima na kumwona mwenzake mzima. Kulala ndiko kulikokuwa ushahidi wenyewe. Maneno ya mjane yalisema alikunywa, akalala, hakuamka. Mimi nilitaka mtaa useme: tulikula, tukalala, tukaamka.

Mpaka leo naamini hakuna mtu Kigali aliyewahi kupanga jambo zuri kuliko hilo.

Mke wangu nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mmoja akiugua?"

"Ataugua nini?"

"Baba watoto, watu huugua. Jua tu linatosha. Mtu akitapika huko kwa sababu ya jua, shangazi yako ndiyo basi. Si Gitega tu, mji mzima hatakaa."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilizaa nyingine kila nilipofumba macho. Maji ya mto: nikaamua tutabeba maji ya kunywa kutoka mjini, kwenye madumu niliyoyaosha kwa mikono yangu. Nyama: mbuzi atakwenda akiwa hai, achinjwe palepale, kila mtu amwone alivyokuwa mzima. Maziwa hapana, maana maziwa huchacha. Uyoga hapana. Samaki hapana. Mjomba wa mke wangu mwenye vidonda vya tumbo nilimwambia gari limejaa, ingawa halikuwa limejaa.

Kisha nikamfikia rafiki yangu wa kazini, mwenye kamyoneti ambayo ingetubeba. Alikuwa mtu wa Butare, mcheshi, mpenda urwagwa, pombe yetu ya ndizi.

"Pikiniki bila urwagwa?" alisema. "Sha, hiyo ni pikiniki ama ni mazishi?"

"Hakuna pombe."

"Nyinyi Waislamu mkunywe chai yenu. Mimi niko Mkristo."

"Ukilewa utatapika."

"Mimi? Tangu lini nikatapika, mimi?"

"Harusini kwa mdogo wako."

Akacheka, lakini alinitazama usoni akaacha kucheka. "Bwana Diploma, wewe iko kitu unaogopa. Kama ni kiboko, sema. Mke wangu pia anaogopa kiboko."

Wote waliogopa kiboko. Kila niliyemwalika aliniuliza habari za kiboko, na mimi nikaeleza kwa kirefu jinsi moto unavyomfukuza na jinsi nilivyochagua mahali palipoinuka, mbali na njia anayopandia kwenda kula majani. Nilikwenda kupaona mara mbili. Nilimwarifu kiongozi wa serikali wa upande ule wa mto kwamba wageni wangelala pale, ili asije akatutumia walinzi wa usiku akidhani ni kundi la watu wabaya. Hayo yalinichukua muda mfupi, nikayamaliza kama mtaalamu. Kiboko ni mnyama, ana mahali pake. Sufuria ilinifuata mpaka kitandani.

Kumwalika mjane ndiko kulikonitoa jasho. Nilimkuta akipanga nyanya zake mafungu mafungu, nikachuchumaa kama mtoto.

"Mama, tunakwenda mtoni siku ya sikukuu. Tunaomba uje nasi."

"Sikukuu mimi nina misa."

"Tutakungoja utoke misa."

Aliifuta nyanya moja kwa kanga, akaigeuza, akaifuta tena. "Nani atapika?"

Ningeweza kusema mke wangu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Shangazi," nikasema. "Naye ataonja kwanza, mbele yako."

Nadhani alielewa kila kitu, mpango mzima, kuliko hata nilivyomweleza mke wangu. "Akionja yeye mwenyewe," akasema, "nitakuja."

Nilitoka pale nikitembea kama mkurugenzi. Sikukuu yenyewe ilikuwa ile ya Wakatoliki ya mwezi wa nane, na mwaka ule iliangukia Jumatatu. Kiangazi, ardhi kavu, hakuna mvua ya kunyesha juu ya mahema. Jumanne alfajiri tungerudi na kwenda kazini moja kwa moja. Nilimwambia shangazi aandae viungo vya pilau ya watu wengi. Alifurahi mpaka akaimba. Juu ya kuonja sikumwambia neno. Ningemwambiaje bila kumwambia na mengine? Mpishi huonja. Nilijua wakati ukifika nitamtia sahani mkononi na mambo yatakwenda.

Asubuhi ya Jumatatu kamyoneti ilisimama mbele ya kibaraza cha shangazi. Mbuzi alikuwa nyuma, hema la kijani limefungwa juu ya madumu, watoto wamekaa juu ya matita ya kuni. Mjane alikuwa ametoka misa ya kwanza, amekaa mbele karibu na yule rafiki yangu, dereva wetu, rozari bado mkononi. Shangazi alitoka na sufuria yake kubwa kichwani. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa yetu.

"Kunywa, shangazi, safari ni ndefu."

"Leo Jumatatu," akasema.

"Jumatatu ina nini?"

Aliitua sufuria, akanivuta nyuma ya mlango. "Nimefunga. Kila Jumatatu nafunga. Nimeweka nadhiri."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi. Tangu pilau yangu ilipomwagwa."

"Ulijua?"

"Mwanangu, ulidhani sioni kuku wa jirani walivyonenepa? Walikula sahani nzima, hakufa hata mmoja. Hilo sikusikia mtu analisema."

"Ungeniambia, shangazi!"

"Na wewe ungeniambia."

Dereva alipiga honi. Nikamweleza pale pale, maneno yakigongana: mtoni, kuonja, ahadi niliyompa mjane, kulala, kuamka. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kanga yake. Nikamwomba avunje siku hii moja, nami nitailipia kafara, nitalisha maskini, nitafanya lolote.

"Nimemwambia Mungu nitafunga mpaka anitoe midomoni mwa watu," alisema. "Sasa nimdanganye Yeye ili niwaridhishe wao? Halafu nani atanitoa?"

"Basi tusiende."

"Tusipokwenda leo, kesho watasemaje?"

Alibeba sufuria yake akatoka. Nilipanda nyuma ya gari na mbuzi. Njia nzima, tukiteremka kuelekea mtoni, niliiona nafsi yangu ikifanya hesabu bila jibu. Mpishi wa kuogopwa, siku ya kuonja, amefunga. Nani atamwamini? Mrozi gani asingesema amefunga? Ningefuta safari, watu wangesema amekataa kupika. Ningesema kweli, wangeguna. Na yule mjane mbele, kisogo chake kimenyooka, rozari inagongagonga dashibodi kila tulipoingia shimoni.

Kambi niliisimamisha vizuri. Hema langu lilisimama wima kuliko maturubai ya wengine, na dereva akakiri. Mbuzi alichinjwa. Watoto walikimbia mpaka pale nilipochora mstari kwa fimbo kuwazuia wasiukaribie mto. Mto wenyewe ulipita polepole, mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, na mara moja kitu kikubwa kilikoroma ndani ya mafunjo, wanawake wakapiga kelele. Sikugeuka. Nilikuwa nikitazama mvuke wa sufuria.

Pilau iliiva adhuhuri. Shangazi alifunua kifuniko, na nasema bila kutia chumvi, watu wazima walimeza mate kwa sauti. Nikachukua sahani upesi, nikapakua, nikaanza kula mimi. Nilitafuna kwa kishindo, nikasifu.

Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. "Wewe ni damu yake," akasema. "Si wewe tuliyesema aonje."

Dereva, aliyekuwa amenyoosha sahani, aliirudisha taratibu mapajani. Mke wangu aliwavuta watoto kwake. Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali, na sikuweza kuumeza wala kuutema.

Shangazi alisimama. Hakunitazama mimi.

"Jirani," akasema, "leo nimefunga. Siwezi kuonja mpaka jua lizame."

"Yewe," mtu akanong'ona nyuma.

"Ile chai aliyokunywa mumeo, nilionja mimi kwanza. Wewe hukuwepo, hukuona. Leo uko. Kama una njaa, kuna ndizi, zimenye wewe mwenyewe. Kama unaweza kusubiri, subiri. Jua likizama nitakula mbele yako, kutoka popote utakapochagua."

Hakulia, wala hakupaza sauti. Nilijiandaa kusikia mjane akisema arudishwe nyumbani. Niliutafuta ufunguo wa gari kwa macho nikiomba upotee.

Mjane aliinuka, akakichukua kigoda chake, akakitua kando ya sufuria, karibu kiasi kwamba moshi ulimpiga usoni. Akafunika sufuria mwenyewe, akaweka jiwe juu ya kifuniko. "Basi nitakaa nayo hapa," alisema. "Asisogee mtu yeyote. Hata Bwana Diploma."

Nimefanya kazi chini ya wahandisi wakali, lakini sijaona mlinzi kama yule. Mchana wote alikaa hapo. Watu walikula ndizi, wakateta, wakalala kivulini, wakaamka na njaa zaidi. Dereva alinong'ona kwamba kumbe urwagwa ingesaidia. Kila mtoto aliyekohoa alinishtua. Mmoja alijikwaa akaanguka, nikamkimbilia kana kwamba ametapika. Niliogopa jua lisizame, kisha likashuka kuelekea vilima vya ng'ambo, nikaogopa linazama upesi mno.

Shangazi naye alikuwa amekaa upande wa pili wa sufuria, kwenye mkeka. Kwanza hawakusemezana. Baadaye nikasikia mjane akisema, "Huo moshi wako unanitoa machozi," na shangazi akajibu, "Ni kuni za mwanangu, hajui kuni, amesoma." Mjane aliguna kwa pua. Baadaye zaidi walikuwa wakizungumza habari za nyanya za kiangazi, zilivyo ndogo, na habari za mzee, alivyopenda sukari vijiko vinne na kuficha vijiko viwili mkewe asivione.

"Alificha?" mjane akauliza.

"Alisema ukijua utamuua."

Nikaogopa neno hilo mpaka nikafumba macho. Lakini nikamsikia mjane akisema taratibu, "Daktari alimkataza sukari. Na chumvi. Na kupanda vilima. Hakusikia hata moja."

Jua lilipozama niliadhini mimi. Shangazi alikula tende, akanywa maji. Mjane aliondoa jiwe, akafunua, akashika upawa.

"Hapo juu hapana," akasema mwenyewe, akachimba mpaka chini, mpaka kwenye ukoko, akampakulia shangazi sahani iliyojaa. "Kula."

Shangazi alikula. Alikula kama mtu aliyefunga tangu alfajiri, yaani alikula sana. Watu wote walimtazama koo lake.

"Ikoje?" mjane akauliza.

Shangazi alifikiri. "Chumvi imepungua."

Mjane akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kana kwamba kimemshinda nguvu, na akachukua kipande cha nyama kutoka kwenye sahani hiyo hiyo ya shangazi, si sufuriani, akakitia mdomoni. Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Dereva alikula sahani tatu. Ukoko ukagombaniwa.

Kwao hofu iliishia hapo. Kwangu ilikuwa imefika mahali pake penyewe. Wamekula, sasa wanalala. Mjane nilimpa hema langu la kijani, peke yake, kama mgeni wa heshima. Nililala ukingoni mwa kambi nikisikiliza pumzi za watu, na sitasimulia usiku huo.

Alfajiri ilifika na ukungu. Watu walianza kutoka kwenye maturubai, mmoja mmoja, wakijikuna mbu. Nikawasalimia kila mmoja kwa furaha iliyowashangaza. Dereva mzima. Mkewe mzima. Watoto wazima, wanapigania maji ya kunawa.

Hema la kijani halikufunguka.

Tulikunja maturubai. Tulizima moto. Halikufunguka. Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama. Mimi mwanamume siwezi kufungua hema la mama wa watu. Yeye angeweza, lakini miguu yake ilikataa. Mmoja baada ya mwingine wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Nikaona dereva akivua kofia. Maneno yalikuwa yakielea juu ya kambi, hakuna aliyethubutu kuyasema: alikula pale, akalala.

Shangazi alikuwa akimaliza sala kwenye mkeka wake. Alitoa salamu kulia na kushoto, akauona umati, akaelewa. Alitembea mpaka kwenye hema, akasimama.

"Jirani."

Hakuna jibu.

"Jirani!"

Hakuna. Nilijishika kwenye mlango wa gari. Shangazi aliinama, mkono wake ukashika turubai, mkono ule ule niliouona ukisukuma unga maisha yangu yote.

"Mama we," ikasikika sauti nzito ya usingizi kutoka ndani, "mnapiga kelele za nini?" Kisha, baada ya muda kidogo: "Kiporo kipo?"

Sikumbuki nani alicheka kwanza. Najua dereva alikaa chini kwenye majani yenye umande kama mtu aliyepigwa. Shangazi hakucheka. Alikwenda kwenye sufuria, akakwangua pilau iliyobaki, akaipasha moto kwenye makaa tuliyodhani yamezimika, na mjane akatoka na nywele zimesimama, akakaa kwenye kigoda, akala kiporo chote bila kumngoja mtu aonje.

Kazini nilichelewa siku hiyo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Jumatatu iliyofuata nilipita Gitega asubuhi, kabla ya kazi. Mafundi wawili walikuwa wamerudi kwenye benchi, karibu na yule kiziwi, na mjane amekaa ukingoni na kapu lake la nyanya miguuni. Shangazi alikuwa mlangoni, jua limeshapanda, kikombe mkononi. Alikipuliza, akanywa, akanipa alichobakisha.